Swali la Ukoo

Nyaruai alizaliwa Endebess, nje ya Kitale, katika shamba ambalo wazazi wake walinunua walipohamia kutoka Mkoa wa Kati. Majirani walikuwa Wabukusu. Alicheza nao, akagombana nao, akalia nao matangani, yote kwa Kibukusu. Ndiyo maana tajiri wake, mwenye karakana ya sare za shule mjini Kitale, alipofungua duka Bungoma, kwa Wabukusu, mwaka wa 2004, alimtuma yeye. Binti ya Nyaruai, Wamboi, alibaki kwa nyanya yake Endebess mpaka nyumba ipatikane.

Nyumba haikupatikana. Nyaruai alilala nyuma ya duka, juu ya majora ya vitambaa.

Si kwamba vyumba vilikosekana. Kila mahali alipiga hodi, akaamkua kwa "Mulembe," na mwenye ploti akafurahi, akamwonyesha bomba na kamba ya kuanikia nguo. Kisha likaja swali ambalo Mbukusu hakosi kumuuliza mgeni: "Wewe ni wa ukoo gani?"

"Sina ukoo huku, mzee. Mimi ni Mkikuyu wa Kitale."

Papo hapo chumba kitupu kikapata mtu. Mmoja alikumbuka kwamba mwanawe anarudi kutoka Mombasa. Mwingine alisema wazi, huku akicheka, "Mama, nyinyi mkipewa chumba, kesho mnataka ploti." Nyaruai hakucheka.

"Si useme tu wewe ni wa ukoo wa Babuya!" Nasike, mshonaji mwenzake, alimwambia. "Kibukusu chako kinashinda changu. Nani atajua?"

"Nitajua mimi. Na Wamboi akija, nimfundishe kujiita nani?"

"Haya, lala na vitambaa, bana. Vikigeuka godoro uniite nione."

Nasike alimpenda, lakini ushauri mbaya haugeuki mwema kwa sababu umetoka kwa rafiki. Wala Nyaruai hakujidanganya kwamba kosa hili ni la Wabukusu peke yao. Mjomba wake Kagwe alikuwa na nyumba za kupangisha Kitale, na hakuna asiye Mkikuyu aliyewahi kupewa ufunguo pale. Dhambi hii haina kabila.

Siku moja alifika kwa Nabwile, mjane mwenye vyumba kando ya barabara ya kwenda Kabuchai. Alimkuta akipepeta wimbi. Walisalimiana, swali likaja, Nyaruai akajibu kama kawaida yake. Bibi kizee akaendelea kupepeta. Nyaruai akashika njia.

"Unaenda wapi? Sijamaliza na wewe."

"Si chumba kimechukuliwa, kukhu?" alisema, akimwita nyanya kwa Kibukusu.

"Kimechukuliwa na nani? Mimi nauliza ukoo ili nijue wa kuita. Mpangaji mmoja alianguka hapa bafuni, na hakuna aliyejua kwao. Nilihangaika kama kuku. Sasa wewe ukiugua, nimwite nani?"

"Mama yangu. Yuko Endebess, nyuma ya kanisa."

"Na mimi Mbukusu nikifika huko, wataniitikia?"

"Watakuitikia kwa Kibukusu, kukhu, na hutaondoka bila chai."

"Chai tu?"

"Na kuku."

Nabwile akaweka ungo chini, akaingia ndani, akatoka na ufunguo.

Jioni hiyo shemeji yake Wangila alikuja amefura. "Ati umeingiza wageni kwa boma ya ndugu yangu?"

"Nimeingiza fundi wa nguo. Hiyo suruali yako imepasuka nyuma tangu Krismasi. Mpelekee."

Wangila alijishika nyuma, akanung'unika, "Tutaona," akaenda zake. Hakuipeleka suruali. Hakurudi kulalamika pia.

Jumamosi Nyaruai alikwenda Endebess kumchukua binti yake. Walipofika Bungoma, Wamboi alizunguka chumba kile chenye sakafu ya saruji, akafungua dirisha, akalifunga, akalifungua tena.

"Hapa ni petu?"

"Ni petu."

"Basi mimi nalala upande wa dirisha," alisema, akatandaza blanketi lake.