Sakafu Sita Nyuma ya Stesheni

Mashindano ya gofu ya Dodoma yalichezwa mara tatu tu wakati wa Wajerumani, na mara ya pili nusura mama mkwe wangu ayavunje.

Nilikuwa na mwaka mmoja wa ndoa, nimetoka upande wa Gulwe, na mume wangu alikuwa kwenye genge la reli. Garimoshi lilikuwa jambo geni bado. Daktari wa reli, Mjerumani mrefu mwenye maneno machache, alikuwa amejifunza gofu Uingereza na hakuweza kukaa bila kuicheza. Akawavuta wenzake: mhandisi, karani wa boma, Mgiriki mwenye kandarasi ya mawe. Wakajenga kibanda cha bati nyuma ya stesheni, wakakiita klabu. Miiba ikafyekwa, yakachimbwa mashimo sita, na kwa kuwa majani hayakukubali kuota, wakamwaga mchanga kuyazunguka mashimo hayo.

Mashindano ya kwanza yaliharibiwa na upepo. Mtu yeyote wa kwetu angewaambia kwamba upepo wa kiangazi hauachi mchanga ulipowekwa. Vijipira vilizama, mhandisi akavunjia fimbo yake gotini, na kikombe hakikupata mwenyewe.

Baada ya hapo msimamizi wa klabu alikuja kwetu kutafuta vibarua. Alikuwa Mwislamu wa mjini, mtu mzima, ambaye baba yake alifika na misafara. Nikamuuliza mchezo wenyewe ni upi.

"Wanapiga kijipira kwa fimbo mpaka kiingie shimoni," akasema.

"Halafu?"

"Halafu wanakitoa, wanakwenda shimo la pili."

Mama mkwe, ambaye hakujua Kiswahili, alitaka nimweleze kwa Kigogo. Nilipomaliza akauliza, "Na wake zao wanajua?"

Nikamwambia msimamizi kwamba pale hapatakiwi mchanga, panatakiwa sakafu kama zile tunazopuria uwele. Hakucheka. Kesho yake aliniita pamoja na wanawake wanne. Tulichota udongo wa kichuguu, tukauchanganya na mavi ya ng'ombe, tukasiriba, tukapigilia kwa vibao, tukasiriba tena. Kila jioni mama mkwe alikuja kukagua, akipitisha unyayo wake taratibu. "Hapa ulisinzia," alikuwa akiniambia, nami narudia. Sakafu ya sita ilipokauka alisimama katikati yake, akasema, "Umefunzwa." Tangu niolewe hakuwa amenisifu hata mara moja. Nilikwenda kuteka maji nikiimba njia nzima.

Lakini kwake yeye sakafu nzuri ilikuwa na kazi moja tu. Asubuhi ya mashindano nilimkuta kwenye ile ya sita, iliyokuwa jirani na kwetu, ametandaza uwele wake wote, anapura.

"Mama, tafadhali, ondoa! Wazungu wanakuja!"

"Nani alisiriba hapa?"

"Mimi, mama."

"Basi hapa ni kwetu. Nikimaliza nitaondoka."

Kwa makosa madogo kuliko hayo nilishaona watu wakilazwa kifudifudi bomani na kupigwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano. Wachezaji walikuwa wameshafika shimo la tano. Kumwacha pale peke yake sikuweza, na kumvuta sikuthubutu, kwa hiyo niliokota gongo la pili nikapura naye, haraka haraka, ili uishe.

Walipofika, karani wa boma akafoka, na askari wake akasogea. Daktari akainua mkono, akamtaka msimamizi aulize kuna nini.

"Mama, unafanya nini?" msimamizi akauliza.

Nikatafsiri. "Mwambie ana macho," mama mkwe akajibu.

Sikuwahi kulitamka jibu hilo kwa Kiswahili. Msimamizi alinitazama usoni, akaelewa, akamgeukia daktari akasema kwa Kijerumani chake cha kuungaunga. Baadaye alituambia alichosema: kwamba kinamama wanailainisha sakafu kwa heshima ya mabwana.

Daktari aliutazama uwele, akamtazama mama mkwe, akaketi juu ya jiwe na kuwasha kiko. Wengine wakaketi pia. Mama mkwe alipepeta bila haraka yoyote, makapi yakamrukia karani kwenye nguo zake nyeupe. Kisha akafagia mpaka pakang'aa. Kijipira cha kwanza kilienda moja kwa moja shimoni, na Mgiriki, aliyekipiga, ndiye aliyechukua kikombe.

Mwaka uliofuata walikuja wageni kwa garimoshi kutoka Morogoro na Kilimatinde. Mama mkwe na majirani zake walipura kwenye sakafu zote sita, siku tatu kabla, kwa ruhusa ya daktari mwenyewe.

Halafu vita. Daktari alipanda garimoshi na hatukumsikia tena. Mabati ya klabu yalichukuliwa na wanajeshi, na mume wangu akachukuliwa kubeba mizigo yao. Mimi na mama mkwe tulibaki wawili, tukilala chumba kimoja, tukisiriba sakafu mbili tulizoziweza.

Mume wangu alirudi baada ya mavuno mawili, amekonda hadi nilimjua kwa mwendo tu. Mama yake alimkorogea uji, akachuchumaa mbele yake, akamshikia kibuyu kwa mikono miwili mpaka akamaliza kunywa.