Orodha Aliyoifunga Mwenyewe

Jumanne asubuhi nilipigiwa simu kuambiwa kwamba amefariki, na jambo la kwanza nililofanya ni kufungua tovuti yake nione kama aliwahi kuirudisha makala yangu. Najua si jambo la kujivunia. Desturi yetu inadai marehemu asifiwe hadi udongo ukauke, na matangani kwake, hapa mtaa wa Nyakasanza mjini Bunia, alisifiwa kweli: alipenda elimu, walisema, aliinua vijana. Nilikaa chini ya bashi, lile turubai la msibani, nikasikiliza na kunyamaza. Leo sinyamazi. Nikianza kuwadanganya wasomaji wa safu hii kwa ajili ya jeneza, nitazoea kuwadanganya kwa ajili ya walio hai.

Alikuwa mwalimu wa kompyuta, sote tukimwita Prof, na alianzisha kwenye mtandao wiki ya michezo ya video kwa Kiswahili, yaani tovuti ambayo mashabiki wenyewe huandika makala na kusahihishana. Kwenye ukurasa wa mbele aliweka orodha ya makala zinazohitajika: michezo ambayo haijaandikiwa hata neno, na injini za michezo, zile programu ambazo watengenezaji hujengea michezo yao. Chini yake aliandika kwamba kila mpenzi wa michezo anakaribishwa. Nikakaribia. Nilichagua injini moja, nikasoma juma zima, nikaandika kurasa mbili. Hazikumaliza saa mbili kabla hajazifuta. Aliacha neno moja tu: "Haifai."

Nilimfuata shuleni kwake. "Prof, umenifutia kazi ya juma nzima," nikamwambia. "Kosa iko wapi?"

"Iko kila fasi," alijibu, macho yakiwa bado kwenye kompyuta. "Weye unaandika sawa mutu wa gazeti. Engine iko kitu ya kitaalamu."

"Basi unieleze, nitengeneze."

Hapo alifanya kitu ambacho mpaka leo kinaniuma. Alisukuma kiti nyuma, akanigeukia. "Ona gari," alisema. "Rangi, viti, mataa, yote ile macho inaona, ile ndiyo mchezo. Engine ni moteri. Unaweza kutengeneza gari kumi za sura mbalimbali, na moteri ikakuwa ya namna moja mu zote." Kwa dakika chache nikaelewa kile ambacho juma zima la kusoma halikunipa. Nilimsihi aandike hivyo hivyo, kwa maneno yale yale. Akarudi kwenye kompyuta yake. "Bado," alisema. "Haiyakamilika."

Mimi niliacha. Kuna mwenzangu ambaye hakuacha upesi, muuguzi anayefanya kazi hospitali ya Nyankunde, mzaliwa wa upande wa Mahagi. Alikuwa amejifundisha kutengeneza mchezo mdogo wa simu: unapanga mizigo ndani ya mtumbwi pale bandarini Mahagi-Port, na ukipanga vibaya unapinduka. Aliutengeneza kwa injini ya bure, na injini hiyo ilikuwamo kwenye orodha ya Prof. Kwa hiyo akaiandikia makala, na nyingine juu ya mchezo wake. Zikafutwa mara tatu. Mwishowe alikuja Bunia na karatasi mkononi, nami nikamsindikiza hadi nyumbani kwa Prof. Alizisoma akiwa amesimama mlangoni. Hakutukaribisha ndani.

"Hii ya mchezo yako haiwezi," alisema. "Nani anaujua?"

"Watu ya bandarini, Papa Prof. Wanaucheza kila siku."

"Watu ya bandarini si ushahidi."

"Na hii ya engine? Iko mu orodha yako mwenyewe."

"Iko mu orodha, ndiyo. Lakini hapana namna hii."

Muuguzi alikunja karatasi zake, akamshukuru, tukaondoka. Barabarani hakulia wala hakutukana. Aliniuliza jambo moja tu: "Sasa ile orodha aliiwekea nani?" Nilichojua ni kwamba kila Prof alipomfukuza mtu, orodha ilizidi kurefuka, naye aliitumia kama ushahidi dhidi yetu. Nilimsikia kwa masikio yangu akiwaambia wageni kwamba watu wa Ituri, jimbo letu hili, hawapendi kuandika. Mji huu una wengi wa aina yake, kwenye kwaya, kwenye kamati, maofisini. Hufungua mlango kwa sauti kubwa, kisha husimama katikati yake.

Baada ya mazishi, mjane wake alituita sisi wawili. Alidhani tulikuwa marafiki wa Prof. Tovuti ilikuwa imefungwa kwa waandishi, hakuna aliyejua neno la siri, na marehemu hakuwahi kumpa mtu mwingine ruhusa ya kuisimamia. Tukawasha kompyuta yake nyumbani. Humo tulikuta makala zilezile zilizohitajika, karibu zote, ameziandika yeye mwenyewe. Ya gari na moteri ilikuwamo. Nyingine ziliishia katikati, nyingine zilikuwa kamili kabisa, na kila moja ilibandikwa juu neno "bado". Zilikuwa nzuri. Hazikusomwa na mtu.

"Alikuwa anasema watamucheka," mjane alisema.

Labda hapo nilipaswa kulainika. Hasira yangu iliongezeka. Kumbe alikuwa nazo wakati akitufukuza. Muuguzi alizisoma hadi ya mwisho, kisha akasema, "Zake ni nzuri kupita zangu. Lakini zangu watu walizisoma kabla hajazifuta. Zake, hakuna."

Mjane ametupa ruhusa. Muuguzi amefungua tovuti mpya, na sasa anazimalizia zile za marehemu na kuzitoa moja moja, jina la Prof likiwa juu. Anakosea. Juma lililopita msomaji mmoja wa Mahagi alimsahihisha mahali pawili, naye akarekebisha mchana huohuo. Ya mtumbwi nayo ipo.

Wahenga walisema mtaka yote hukosa yote, lakini huyu alitukosesha na sisi. Nimemwombea kanisani, kwa kuwa ni wajibu. Kumsamehe sijafika. Kazi yenye kosa ikiwa mbele ya watu hupata wa kuinyoosha, na iliyofichwa humwozea mwenyewe hata kama ni safi. Anayeogopa kuchekwa aogope peke yake, asitufungie sisi wengine.