Maua Kwenye Picha ya Mwanangu

Majina ya hawa watu wote ninayo kichwani, hata la mbwa wao, lakini hapa siyaandiki.

Mwanangu alipomaliza shule nilimpeleka kwa Mhindi mpiga picha wa Kitale, ambaye nilikuwa nampelekea maziwa. Kijana alikuwa na shati moja tu. Yule mzee akamvisha koti la studio, mke wake akamfunga tai, wakamsimamisha mbele ya pazia lililochorwa ziwa. Mtoto wa shamba akatoka kama meneja wa benki. Picha hiyo ndiyo iko ukutani kwangu hapa Kamukuywa. Mwenyewe sasa anafanya kazi Uarabuni.

Mzee alipofariki nilienda kumpa mke wake pole. Nikaona picha ya marehemu imevishwa maua yaliyotungwa kwa uzi. Nikasema moyoni, hawa wanajua kuheshimu mtu. Kwetu tunamvisha anayemaliza chuo, yale maua ya karatasi ya kumetameta. Kwa hivyo mjukuu wangu alipohitimu pale Bungoma, maua yake nikayatundika kwenye picha ya baba yake. Si na yeye apate heshima, hata kama yuko mbali?

Mwezi huu yule mama akanitembelea. Aliingia, akatazama ukuta, akakaa chini kwenye saruji na sari yake nzuri.

"Lini?" akauliza.

"Lini nini, mama?"

"Na hukuniita. Mimi nilimfunga tai kwa mkono yangu."

Alikuwa analia. Nilijua wamesikia habari za mwanangu huko Kitale, na mimi mzazi nimefichwa.

"Nani amekuambia?"

"Wewe. Si maua hiyo? Sisi, mtu akiwa hai tunavisha yeye mwenyewe. Picha tunavisha akikufa."

Nikakaa chini kando yake. Mjukuu akampigia baba yake kwa simu yangu. Ikalia, ikalia, ikakatika. Akapiga tena, akanipa.

"Mama, niko kazini. Kuna nini?"

"Ongea tu."

"Niongee nini?"

"Chochote, baba."

Mgeni akaninyang'anya simu, machozi bado yako shavuni. "Wewe kijana, tai yetu iko wapi?"

"Tai gani?"

Mjukuu alikuwa amepanda kiti, anayatoa yale maua. Mimi bado nilikuwa pale sakafuni, nimeshika ncha ya sari ya mgeni, na vidole vilikataa kufunguka.