Mume Wangu na Neno Linaloanza na Trans

Ndoa yangu nusura ivunjwe na neno la Kiingereza. Tena si neno zima. Nusu.

Anayetaka kucheka acheke. Mimi zamu yangu ya kulia nilishaimaliza.

Mume wangu ni fundi wa friji, mtu mpole, asiye na makuu. Mimi nafanya kazi mapokezi hotelini, kwa hiyo Kiingereza ndicho kinachonilisha. Mama mkwe tunaishi naye nyumba moja.

Mwaka huo mume wangu akaanza kupokea simu za ajabu. Simu ikiita anaitazama, ananyanyuka sebuleni, anaingia chumbani kwa mama yake na kufunga mlango.

Chumbani kwa mama yake. Si uani, si barabarani. Kwa mama.

Nikipita mlangoni nasikia Kiingereza cha kunong'ona. Nikisogea, kimya.

Wewe ungewaza nini? Basi na mimi niliwaza hilo hilo. Kuna mwanamke, na mama mkwe ndiye anayefunika kombe.

Mara mama naye, na utu uzima wake wote, akajiandikisha darasa la Kiingereza.

Hapo nikaona kumekucha. Hawa wanahama nchi, mtu na mama yake, mimi naachiwa masufuria.

Nikaacha kumsemesha. Ilibaki salamu, nayo ya midomoni tu.

Siku yenyewe mume wangu aliniomba nimsindikize mama darasani, maana magoti yalikuwa yanamsumbua na darasa liko ghorofa ya juu. Nikaenda nimenuna.

Tukaingia kwenye lifti, sisi wawili tu. Ikapanda, ikakohoa kama mtu aliyepaliwa, ikasimama. Taa ikazimika. Kikabaki kijitaa kimoja chekundu juu ya mlango.

Nikabonyeza kengele. Sauti ya mlinzi ikatoka huko chini. "Umeme umekatika na jenereta imegoma. Fundi yuko njiani. Tulieni hapo hapo."

"Kwani tutakwenda wapi?" mama akamjibu, akajishusha sakafuni polepole.

Simu yangu haikushika mtandao. Ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Joto likaanza kutupanda mgongoni, na mtu pekee wa kuongea naye ni yule niliyeapa kutoongea naye.

"Mkamwana," akasema. "Najua umeninunia. Endelea tu, nuna, ila nisaidie jambo moja. Leo nilitaka kumuuliza mwalimu maana za maneno, na naona mwalimu simfikii."

"Maneno gani?"

"Yanayoanza na trans."

Nilimtazama kwenye wekundu ule nisijue kama ananitania.

"Nilimwomba mwalimu, akaniandikia ubaoni. Nimeyashika kichwani." Akaanza kukunja vidole. "Transport."

"Usafiri. Kubeba kitu toka hapa kukipeleka kule."

"Transfer."

"Uhamisho."

"Translate."

"Kutafsiri."

"Transparent."

"Kitu kinachoonyesha ng'ambo yake. Kama kioo."

Akatikisa kichwa, hakuridhika. "Mwalimu anasema yote hayo yana kuvuka ndani yake. Kitu kinatoka upande huu, kinakwenda upande ule. Sasa mimi nataka kujua mwanangu anavuka kwenda wapi."

"Kwani mama wewe hujui?"

"Nijulie wapi? Anaingia chumbani kwangu, anaongea na simu yake kana kwamba sipo. Anakuja kwangu kwa sababu sielewi. Wewe unaelewa, ndiyo maana anakukimbia." Akafuta jasho kwa ncha ya mtandio. "Nasikia trans, halafu anageukia dirishani, sauti inafia huko. Kila siku hivyo hivyo. Ndipo nikajiandikisha. Au ulidhani na magoti haya nataka Kiingereza nikaombee kazi?"

Nilikosa pa kuuficha uso.

"Na neno jingine unalolisikia?" nikauliza.

"Anataja sana mambo ya dini."

"Dini?"

"Kidini, kidini, haachi. Nikadhani amebadili imani anaona haya kuniambia."

"Mama, hebu rudia."

"Kidini."

Haikuwa kidini. Ilikuwa kidney. Figo.

"Kuna trans nyingine ambayo hujanitajia," nikamwambia.

"Ipo. Ya mwisho. Trans... planti."

"Transplant. Ni kutoa kiungo kwa mtu mmoja na kumpandikizia mwingine. Na hiyo kidini ni figo, mama."

Hakulia. Aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza saa. "Mwanangu anakufa?"

Hapo ndipo nilipojua kufungiwa ni nini. Niliupiga ule mlango kwa viganja, nikavua kiatu nikaupiga kwa kisigino. Mume wangu anakufa, na mimi nimekwama ndani ya sanduku la bati.

Mama akanivuta mkono, akanikalisha, akanikumbatia. Tulikaa hivyo, tumeloa jasho, mpaka tuliposikia chuma kikikwaruza na mwanga ukaingia.

Darasani hatukwenda. Tulishuka kwa ngazi, yeye kaniegemea, moja kwa moja mpaka karakana ya mume wangu.

Tulimkuta amepiga magoti nyuma ya friji. Mama hata salamu hakutoa.

"Figo," akasema.

Bisibisi ikamponyoka.

"Unaumwa tangu lini?" nikamuuliza. "Mke wako ni pambo?"

Alitutazama kwa zamu, kama mtu aliyeona mlango wa nyuma nao umefungwa. "Siumwi," akasema. "Mimi ndiye ninayetoa."

"Unampa nani?"

Akainamisha kichwa. "Baba."

Lazima niwaeleze. Baba mkwe simjui. Alitoka asubuhi moja mume wangu akiwa bado anatambaa, asirudi. Mama alimlea mwanawe kwa kufua nguo za watu, na jina la mzee yule ndani ya nyumba yetu halikutajwa. Kumbe mwaka huo mzee alimtafuta mwanawe. Figo zake zote zimekufa. Vipimo vikakubaliana, simu zile zikawa za daktari asiyejua Kiswahili, na siku ya upasuaji ilikuwa imeshapangwa.

"Ungekatwa bila mtu wa kukaa mlangoni?" nikamuuliza.

"Ningewaambia nimesafiri kikazi."

Nilifungua mdomo nikatae kwa niaba ya wote. Mama akaniwekea mkono begani, akakaa juu ya kreti.

"Anakula?" akauliza.

"Kidogo sana."

"Ananiulizia?"

"Kila nikienda, mama. Niliogopa kukuambia."

Mama akaiokota bisibisi, akamrudishia mkononi.

"Figo ni zako," akasema. "Nilikuzaa nazo mbili na sikukupa masharti."

Upasuaji ulikwenda salama. Mume wangu alipoweza kutembea, mama akaniomba nimsindikize wodi ya pili, alikolazwa yule mzee. Mzee alikuwa kitandani, amekwisha, mifupa mitupu. Alipomwona mama alijaribu kuinuka.

"Mke wangu, nisamehe."

"Mke wako simjui," mama akamjibu. "Hiyo iliyo tumboni mwako ni ya mwanangu. Itunze."

Akageuka. Tulipofika koridoni ndipo akalia, kaniegemeza kichwa kifuani, wauguzi wanatupita.

Ndugu zangu, ukisikia neno nusu nyumbani kwako, usilimalizie kwa wivu wako. Uliza. Na wewe unayeficha jambo ukidhani unawalinda wenzako, jua kwamba hawalali.