Dada Yangu na Wauaji Wapole

Dada yangu alikuwa mtengenezaji wa vitabu vilivyochanika pale maktaba, na wenzake walimwita Mama Gundi. Riwaya za taharuki ndizo zilizomfikia zikiwa hoi kuliko zote, maana kila mtu aliziazima. Gundi ikikauka, yeye anasoma: mume mpole anayemtilia mkewe sumu, daktari mwenye tabasamu na maiti darini. Nyingi zilikuwa zimepoteza kurasa za mwisho, kwa hiyo alijiamulia mwenyewe mbaya ni nani. Siku zote alimchagua mpole.

"Mbaya wa waziwazi hana utamu," aliniambia. "Mimi nataka yule unayecheka naye na humjui."

Sikuona ubaya. Kuogopa ukiwa umejilaza kitandani, mlango umefungwa, ni raha kwelikweli.

Kisha binti yake akaleta mchumba, fundi miwani, kijana wa maneno machache, anayeosha vyombo bila kuombwa.

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," dada akaninong'oneza jikoni.

"Dada, huyo ana haya tu."

"Haya! Wote huanza hivyohivyo."

Akachomoa ufunguo kwenye mkoba wa bintiye, akaenda kupekua chumba cha kijana wa watu. Kijana akarudi kufuata koti, akamkuta mama mkwe mtarajiwa kakaa kitandani, droo mapajani, ananusa chupa ya dawa ya kikohozi. Hakufoka. Alimsaidia kurudisha vitu, akamsindikiza hadi barabarani.

Dada akaja kwangu mbiombio. "Hakukasirika hata chembe! Mtu mwenye akili timamu hakasiriki?"

Nikamwambia aache wazimu. Wapi! Alimwendea bintiye, akamwambia achague: mama au muuaji. Muuaji, mtu mwenye kikohozi! Hasira hiyo ninayo mpaka leo.

Binti akachagua. Siku ya harusi, kwenye kiti cha mama nilikaa mimi. Nilimsihi amtumie mama yake walau salamu.

"Mama mdogo," akasema, "namwogopa. Sijui kesho atafanya nini."

Nilipotoka nilipitia kwa dada. Nilimkuta sebuleni, amevaa gauni alilolishona kwa ajili ya harusi.

"Kasemaje kunihusu?"

"Anakuogopa."

Akaomba aone picha za harusi, hata moja. Nilikuwa nazo kwenye simu. Lakini nilikuwa nimemwahidi binti kwamba sitamwonyesha, na sikumwonyesha.