Nati Iliyobaki Kwenye Kabini

Nakumbuka Ijumaa moja ya ujana wangu, mwanangu, na kila nikiikumbuka hasira zinanipanda upya kama kwamba imetokea jana. Nimeinyamazia miaka yote hii kwa sababu marehemu baba yako ndivyo alivyotaka. Leo siinyamazii tena, na wa kulaumiwa ni wewe. Asubuhi umekuja hapa barazani na simu yako mkononi, unanichekea, unanieleza kuwa Ijumaa baada ya sala watu watakuja kuinyanyua kabini ya ile pikapu kuukuu uliyoitoa Gombani. Nikakuuliza kama kila kitu kimefunguliwa. Ukanijibu, "Imebaki nati moja tu, mama, imeshika kutu. Lakini watu nshawaambia."

Watu nshawaambia! Ungalijua maneno hayo yaliniingia wapi, ungaliondoka mbio. Basi kaa kitako, weka hiyo simu chini, unisikilize.

Unavikumbuka vidole viwili vya mkono wa kulia wa baba yako, vile vilivyokuwa havikunjiki. Ulipokuwa mdogo ukimuuliza, akikwambia alibanwa na mlango wa gari. Haukuwa mlango, mwanangu. Ilikuwa kabini nzima, na juu yake adabu ya watu wazima wote waliokuwapo uwanjani kwetu siku ile. Baba yako alisema mlango ili asimvunjie heshima mjomba wako Hamad, na akaendelea kusema mlango mpaka anaingia kaburini. Ndivyo alivyokuwa. Nilimpenda, lakini wallahi alinichosha.

Wakati huo mimi na Nassor, yaani baba yako, tulikuwa tumeoana karibuni, tunakaa Mgogoni ubavuni mwa nyumba ya mama yangu. Yeye alikuwa fundi wa kudarizi kanzu. Si kwa cherehani, kwa mkono. Watu walikuwa wakitoka Wete na Chake kumletea kanzu za harusi awatilie nakshi shingoni, na ukiitazama kazi yake karibu hujui uzi umeanzia wapi na umeishia wapi. Mkono ule wa kulia ndio uliokuwa ukitulisha. Hatukuwa na shamba wala duka, tulikuwa na mkono wa Nassor tu.

Babu yako, yaani baba yangu mimi, alipofariki aliacha pikapu iliyokuwa ikibeba karafuu na mihogo ya watu. Ikakaa chini ya paa la makuti, chumvi ikaila. Kaka yangu Hamad akaapa kuifufua. Bodi ilikuwa nzima kwa kiasi chake, ila chasisi, kile chuma cha chini kinachobeba gari zima, imeoza pale pale chini ya kabini, na mchomeaji akasema hawezi kuigusa mpaka kabini itoke. Basi tukaanza kuifungua, Hamad juu na mimi chini, kwa kuwa nilikuwa mwembamba nikipita popote na tangu utoto nilizoea kumpa baba spana.

Kazi ile, kama unavyoijua sasa, haina haraka. Tulitoa viti, milango, na boneti. Tukashusha rejeta. Tukafungua paipu ya breki, waya wa mafuta, na fimbo ya usukani pale inapoingia kwenye boksi lake. Nyaya za dashibodi tulizifunga nyuzi za darizi za Nassor, kila waya na rangi yake, ili tusije tukapotea wakati wa kurudisha. Baada ya hapo zikabaki nati zinazoishika kabini kwenye chasisi. Zote zikatoka, isipokuwa moja ya nyuma, upande wa dereva.

"Kaka, hii haitaki," nikamwambia Hamad siku ya Alkhamisi, nimelala chini vumbi limenijaa machoni. "Spana inateleza tu. Imeshakuwa duara."

"Mimina mafuta ya taa."

"Nimemimina tangu juzi. Lazima ikatwe."

"Msumeno wa chuma hatuna, mpaka niufuate Chake. Kesho watu wakinyanyua kwa pamoja itakatika yenyewe."

"Na isipokatika?"

"Raya, mie nshawaita watu."

Unayasikia maneno hayo? Ndiyo yako.

Hapa lazima nimtetee kidogo Hamad, ingawa sitaki. Kwetu Pemba ukimwita mtu aje kukunyanyulia kitu kizito, iwe boriti za paa au chombo cha kuvuta pwani, huwezi kumwacha atoke jasho arudi kwake na njaa. Unapika. Na ukishapika, shughuli imeshafungwa. Atakayetaka kuiahirisha ataonekana amemvunjia heshima mwenye nyumba, mpishi na wageni, wote kwa mpigo mmoja. Kwa hiyo watu huona bora waendelee na jambo bovu kuliko kusema limeharibika. Tabia gani hii? Mpaka leo sijaielewa, na mimi ni wa humu humu.

Ijumaa asubuhi nikamfuata mama jikoni. Alikuwa amekwisha kukuna nazi, na pweza yuko kwenye sufuria.

"Mama, kabini haiko tayari. Mwambie Hamad aahirishe."

Akanitazama, mikono yake imo ndani ya maji ya mchele. "Hamad ndiye anayeijua gari," akasema. "Na mchele huu nshauosha."

Nikaenda kwa mume wangu. Nikamkuta anavaa kanzu ya kwenda msikitini. Nikamwambia habari ya nati, nikamwambia mahali ilipo, nikamwomba azungumze na Hamad, kwani mwanamme kwa mwanamme huenda wakasikilizana.

"Nitamwambiaje shemegi mbele za watu?" akasema.

"Mwambie kabla hawajafika."

"Keshatoka."

"Basi mwahi njiani."

"Njiani yuko na watu, Raya."

Nikakaa juu ya kitanda nikashika kichwa. Nilikuwa nimeshawaambia watu watatu, wote wameniamini, na hakuna hata mmoja aliyekwenda kufanya kitu.

Baada ya sala uwanja ukajaa. Mzee Faki, jirani yetu aliyekuwa akiongoza kila kazi ya kunyanyua pale kijijini, akaizunguka kabini, akainama, akatazama chini ya pembe ya nyuma. Akaitazama sana. Kisha akainuka.

"Tayari, Hamad?"

"Tayari, mzee."

"Kila kitu kimefunguliwa?"

"Kila kitu."

Nilikuwa mlangoni mwa jiko pamoja na wanawake. Nikapaza sauti, "Haijatoka! Nati ya nyuma haijatoka!" Hamad akacheka, akawaambia watu, "Mwacheni, huyu tangu mdogo ana wahka." Nao wakacheka. Shangazi yangu akanivuta kanga nirudi ndani, ati naaibisha nyumba.

Nassor alipanda juu ya chasisi, aiongoze kabini isinase kwenye mkono wa gia. Mzee Faki akatoa neno, watu wakanyanyua. Pembe tatu zikainuka, ya nne ikabaki palepale, na bati likalia kilio ambacho hata kuku walikikimbia. "Tueni!" akasema Mzee Faki, nao wakatua.

Mwanangu, hapo ndipo ninapotaka kujing'oa nywele. Mungu alikuwa ametupa nafasi nyingine, bure. Kila mtu kaona kwa macho yake. Hamad alikuwa na neno moja tu la kusema. Alijifuta jasho, akatazama upande wa jikoni ulikokuwa ukitoka moshi, akasema, "Imenasa kidogo. Mara hii kwa nguvu."

Na baba yako? Baba yako aliijua nati ile ilipo, kwa kuwa nilimwambia mimi. Badala ya kufungua mdomo akachukua spana, akapenyeza mkono baina ya sakafu ya kabini na chasisi. Alitaka kumsitiri shemegi yake, aifungue kimyakimya mtu asijue. Hakuna aliyemwona. Watu wakanyanyua kwa nguvu zao zote, nati ikashika, wa upande ule wakateleza mikono, na kabini ikarudi chini.

Hakupiga kelele. Alisema tu, "Shemegi, mkono," kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeomba maji ya kunawa. Hata vidole vyake vimo chini ya chuma bado alikuwa anawaonea haya wageni.

Mama alitoka jikoni na upawa mkononi, akapiga ukelele ambao sikuwahi kuusikia kwake. "Nyanyueni! Nyanyueni mtoeni mwanangu!" Wakanyanyua. Nikamfunga mkono kwa kanga yangu, tukapakiwa kwenye gari ya mmoja wa wageni mpaka hospitali. Na wali, nilisikia baadaye, uliliwa. Walisema kuumwaga ni dhambi.

Kule kibarazani hospitali mama alikaa ubavuni mwangu. Upawa bado anao, alisahau kuuacha. Akasema, bila ya kunitazama, "Raya, uliniambia. Uliniambia, nami nikautazama mchele." Nilikuwa na hasira naye, na nilimwonea huruma, yote mawili kwa pamoja.

Magharibi alikuja Mzee Faki. Hamad alikuwa ameegemea ukuta, uso umemshuka.

"Hebu niambie, Hamad. Pale ulimwogopa nani?"

"Niliona haya, mzee. Watu wameshakuja."

"Ungalisema bado, ningalikula wali wako nikaenda zangu, na Ijumaa ya pili ningalirudi. Weye wadhani mie nilitoka kwangu kwa hamu ya kabini? Nilikuja kwa sababu umeniita." Akajifuta uso kwa kilemba chake. "Na mie nati niliiona. Nikanyamaza, nikasema gari si yangu."

Loh! Hata yeye! Mzee mzima, macho yake mwenyewe yameiona, akaona bora amwachie mwenye gari. Nilitamani kuwakamata wote niwagonganishe vichwa.

Unataka kujua nati ile ilikuwa ngumu kiasi gani? Wiki iliyofuata Hamad alileta msumeno, akalala chini peke yake, akaikata. Birika nililokuwa nimelibandika jikoni lilikuwa halijachemka alipotoka chini ya gari. Alikaa nayo mkononi akilia. Siku ya pili watu wachache, bila ya sherehe na bila ya wali, waliichukua kabini wakaiweka juu ya magogo, na pikapu ikachomewa, ikatembea miaka mingi sana.

Mkono wa baba yako ndio haukutembea tena. Vidole viwili vilipona vikiwa vigumu, na sindano ya darizi haishikwi kwa vidole vigumu. Alijaribu kwa mkono wa kushoto, usiku na mchana, akawa anafumua na kuanza upya. Wateja walikuja mmoja mmoja kuchukua vitambaa vyao, wakimwombea dua, wakisema wana haraka kidogo. Mwisho nikaichukua sindano mimi, yeye akikaa ubavuni ananielekeza, na kazi hiyo ndiyo iliyokusomesha wewe. Watu huniambia, "Bi Raya, pengine ilikuwa kheri, umepata ufundi." Huwatazama tu. Mimi nilikuwa namsikia pale alipodhani nimelala, anakunjua na kukunja mkono gizani, anajaribu tena. Kheri gani hiyo?

Kwa hiyo nakuusia, mwanangu, na mwambie kila kijana mwenzako anayependa kuwaita watu kabla ya kumaliza kazi. Heshima si kunyamaza. Anayekuheshimu atapokea neno "bado" likitoka mdomoni mwako, na asiyelipokea huyo hakuja kukusaidia, alikuja kutazama. Usiwatie watu mikono yao chini ya kitu ambacho wewe peke yako ndiye unayejua kuwa hakijaachia. Na ukiwa wewe ndiye uliyealikwa, ukaona kasoro, iseme hata kama gari si yako, hata kama mwenyewe ni shemegi yako, hata kama moto wa jiko umeshawaka. Wasikupoteze wanaocheka. Mimi walinicheka, na nilikuwa nasema kweli, na nikirudishwa siku ile nitapiga kelele zaidi, nitakwenda nikae juu ya hiyo kabini mpaka wanishushe kwa nguvu.

Sasa chukua simu yako uwaandikie, hapa hapa, nikikuona. Waambie gari haiko tayari, nati moja imekataa. Usitunge sababu nyingine, ati mvua, ati mgonjwa. Na waambie Ijumaa waje vilevile, nitawapikia mimi, wale washibe, waitazame pikapu yako ikiwa imekaa chini kwa salama, warudi makwao na vidole vyao kumi.

Nenda, mwanangu. Radhi zangu unazo, na za baba yako unazo, ijapokuwa yeye angalikwambia uzisubiri mpaka wageni waondoke. Mola akupe ulimi usioona haya kusema kweli mbele za watu, aibariki kazi yako, akuhifadhie mikono yako, na aihifadhi mikono ya kila atakayekuja kwa sababu umemwita.