Mwingereza Aliyeikataa Ulaya, na Kiti Nilichopewa Kakuyuni

Nakumbuka siku moja nilipewa kiti, mwanangu, na tangu nizaliwe sijapewa kitu kilichoniudhi kama kile kiti. Kilikuwa kiti cha mbao, kizima, kimepanguswa vumbi, kikawekwa kivulini nyumbani kwa wajomba zangu huko Kakuyuni, siku ya maziko ya nyanya yangu. Vijana wote wa rika langu walikuwa wameshika majembe. Mimi nikaambiwa niketi. Ili nikueleze nilivyofika pale sina budi kuanza na Mwingereza mmoja aliyekataa katakata kuwa mtu wa Ulaya. Kunywa chai yako isije ikapoa, maana mzee akianza huwa hamalizi upesi.

Zamani hizo nilikuwa mpishi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, baba yangu Mswahili wa Malindi mjini, mama yangu Mgiriama wa Kakuyuni. Nilipikia Bwana Harold, mzee wa Kiingereza aliyebaki huku baada ya uhuru, mwenye nyumba yake karibu na pwani, nje kidogo ya mji. Jirani yake alikuwa mama wa Kitaliano, mjane, tukimwita Sinyora Karla. Kwetu sisi hao wote walikuwa Wazungu, basi. Na ukitaka ukweli, kwetu Ulaya ndiyo hasa ilikuwa Uingereza. Mtu akienda London tulisema kaenda Ulaya, na akirudi na shati zuri tulisema ni la Ulaya. Hakuna aliyewahi kutuambia vingine.

Ukumbini kwake Bwana Harold alitundika ubao mweusi wenye maandishi meupe, alioutoa kwenye klabu yao ya zamani ilipofungwa. Uliandikwa kwa Kiingereza kwamba mahali hapo ni pa watu wa Ulaya pekee. Aliuweka kama kumbukumbu, alivyosema, nami ndiye niliyekuwa nikiufuta vumbi kila asubuhi. Baba yangu aliwahi kurudishwa na ubao ule ule, amebeba kapu la mayai yaliyoagizwa na wao wenyewe, akaambiwa azunguke nyuma. Alinihadithia mara moja tu na hakurudia tena.

Basi siku hiyo Sinyora alialikwa chakula cha mchana. Redio ilikuwa imetangaza kwamba nchi ya Bwana Harold imeingia katika jumuiya moja na nchi za Ulaya, na Sinyora akafika na furaha zake, akainua glasi akasema sasa wao ni watu wa nyumba moja. Bwana Harold akaizima redio. Akaniita kutoka jikoni, na kitambaa changu begani, nije niwe shahidi.

"Wewe, mpishi, sikia," akasema kwa kile Kiswahili chao cha kuamrishia watu. "Huyu mama ni mtu ya Ulaya. Mimi hapana. Mimi Mwingereza. Iko bahari katikati."

Sinyora akainua macho kwenye ubao uliokuwa juu ya kichwa cha mwenyeji wake. Alicheka mpaka akaweka uma chini. "Na hii ubao," akauliza, "watu ya Ulaya ni nani?"

"Ile ni habari nyingine," Bwana Harold akajibu, na kidole chake kikanielekea mimi.

Mwanangu, miaka mingi imepita na bado nakiona kidole kile. Maana yake ilikuwa wazi kama mchana. Pale mlango ulipotakiwa kufungwa usoni mwa baba yangu, yeye alikuwa mtu wa Ulaya, tena wa mbele. Ilipokuja habari ya kuketi sahani moja na Mtaliano, akakumbuka kuwa iko bahari. Ulaya kwake ilikuwa koti, kukipiga baridi analivaa na jua likiwaka analivua. Ukiniuliza leo kama Waingereza ni watu wa Ulaya nitakwambia muulize Mwingereza, lakini kwanza tazama anataka nini siku hiyo.

Hasira hii ninayokuonyesha sikuwa nayo wakati ule, na hiyo ndiyo aibu yangu. Wakati ule nilimwona ni bingwa. Nilirudi jikoni nikiwaza, kumbe mtu anaweza kujichagulia ndugu kama anavyochagua nyanya sokoni, mbovu akaziacha. Baada ya wiki chache ikaja barua ya ndege, karatasi nyembamba ya buluu. Aliisoma akiwa amesimama, akanikabidhi. "Hii ya watu ya mama yangu, kule Ayalandi," akasema. "Washa jiko nayo." Nikawashia jiko. Ilishika moto upesi, nikapika uji wake wa asubuhi.

Haukupita mwezi, akaja mjomba wangu Karisa. Alitembea kwa miguu kutoka Kakuyuni, vumbi mpaka magotini, na kapu la mihogo kichwani. Alisimama kwenye lango la jikoni akabisha hodi. Bwana Harold alikuwa barazani, akauliza, "Huyu nani? Ndugu yako?"

Nikajibu kwa sauti, ili isikike barazani. "Hapana, Bwana. Hawa ni watu wa shamba tu, huniletea mihogo. Mimi Mswahili wa mjini."

Nilikuwa namzungumzia ndugu wa tumbo moja na mama yangu. Na nyumba aliyotoka ni ile niliyolelewa mimi na nyanya yangu, Hawe kama Wagiriama tuitavyo nyanya, tangu mama alipougua hadi nikafika umri wa kurudishwa mjini kwa baba kutiwa chuoni nisome Kurani. Hawe alinitafunia chakula kinywani mwake kabla sijaota meno. Mjomba Karisa alinitazama, kisha akaliweka kapu chini taratibu. "Basi mihogo ni hii, bwana mdogo," akasema, akaondoka. Wala sikumwuliza amekuja kwa neno gani. Nilimenya ile mihogo nikaikaanga, na Bwana Harold akaisifu.

Siku ya tano yake, muuza maziwa kutoka Ganda, njia ya Kakuyuni, alinikuta uani akanipa pole. Nikamuuliza pole ya nini. Akashangaa, akaniambia Hawe amefariki usiku, anazikwa leo, na kwamba Mjomba Karisa alikwenda mjini kuniita nikamwone kabla hajakata roho. Nilivua aproni nikaiacha hapo hapo chini.

Nilifika Kakuyuni vijana wanaelekea nyuma ya nyumba kuchimba. Nikaenda moja kwa moja kuchukua jembe. Mjomba Karisa akamwita binamu yangu, kwa upole kabisa, akamwambia, "Mpe mgeni kiti. Ametoka mjini, amechoka."

"Mjomba, mimi si mgeni," nikasema. "Nipe jembe."

"Jembe ni la wenyewe," akanijibu.

Ndipo nikaletewa kile kiti. Ndugu wa marehemu wote walikuwa mkekani au chini mchangani, mimi peke yangu juu ya kiti, kama karani aliyekuja kuandikisha watu. Maji nikaletewa kwanza, na chakula kilipoiva sahani yangu ilitangulia za wazee. Mke wa mjomba aliyezoea kunichapa kwa kijiti akaja akaniamkia kwa adabu zote na kunishukuru kwa kufika. Ole wako upewe heshima ya namna ile. Nyuma ya nyumba nilisikia majembe yakipiga ardhi, nami mikono yangu iko magotini, haina kazi. Nilikasirika, sikufichi. Nilimkasirikia mjomba, nikaona ananidhalilisha mbele ya watu. Ilinichukua muda kutambua kuwa alinipa kile nilichokiomba mwenyewe langoni kwa Bwana Harold, hakupunguza na hakuongeza.

Siku mbili nilikuwa mgeni. Usiku nilitandikiwa kitanda, wenzangu wakalala chini. Asubuhi ya siku ya tatu Mjomba Karisa alinijia na jembe begani.

"Mgeni siku mbili," akasema, "siku ya tatu mpe jembe. Shamba la mihogo la Hawe limeota magugu. Alikuwa akilipalilia mwenyewe mpaka alipoanguka."

Nikalipokea. Nikamuuliza neno lililokuwa limenikaba tangu juzi, kwamba aliporudi kutoka mjini bila mimi alimwambia nini Hawe.

"Nilimwambia umesafiri na bwana wako," akasema. "Ningemwambia nini kingine? Akakuombea safari njema, kisha hakusema tena."

Nililima mwanangu, nikalima huku nalia, mpaka viganja vikachubuka na hakuna aliyeniambia nipumzike. Kaburi lake sikulichimba na sitalichimba kamwe. Nilichopata ni magugu yake.

Sasa nisogeze mambo mpaka juzijuzi. Hao Waingereza, baada ya kukaa na wenzao wa Ulaya miaka arobaini na kitu, walipiga kura wakatoka. Nilisikia habari hiyo nikacheka peke yangu, maana nilisikia sauti ya Bwana Harold ikisema iko bahari katikati. Yeye alikwishakufa zamani. Lakini mwaka jana akaja binti yake, Bi Helen, mama wa makamo, akauliza mjini mpaka akafikishwa kibarazani kwangu. Aliniamkia vizuri, nikamkaribisha. Kumbe ametoka mbali kuniuliza jambo moja. Je, Bwana Harold aliwahi kutaja kijiji alichozaliwa mama yake huko Ayalandi? Akanieleza kwamba Ayalandi imebaki na Ulaya, na mtu mwenye nyanya aliyezaliwa kule anaweza kupewa uraia na kuwa mtu wa Ulaya tena, akaishi na kufanya kazi kokote bila kuzuiwa. Makaratasi ya baba hayana hata jina la mahali. Nyanya mwenyewe hakuwahi kumjua.

Nikamwambia kuhusu ile barua. Nikamwambia kwamba mimi ndiye niliyeiwashia jiko, kwa amri ya baba yake, na kwamba sikusoma kilichoandikwa. Nilimhurumia, maana hakuiandika yeye wala hakuichoma, lakini hasira ilinipanda vilevile. Bibi wa watu alipokuwa hai hakutakiwa, salamu za kwao zikaivisha uji. Leo anatafutwa makaburini kwa sababu ya muhuri. Na nyani haoni kundule, mwanangu, kwa hiyo na mimi niliikata hasira yangu katikati nikakumbuka mihogo. Bi Helen alipoaga nilimwambia aendelee kutafuta, na akilipata hilo kaburi aling'olee magugu kabla hajaomba cheti. Sijui kama alinielewa.

Wewe usicheke. Nakusikia unavyosema. Timu ikishinda mbio huko nje wewe ni Mkenya, unapiga kelele mpaka jirani halali. Jirani huyo huyo wa mtaa wa Kisumu Ndogo akija kuomba ndoo ya maji unasema hao ni watu wa bara, wameijaza miji yetu. Ukienda kuposa unajitaja kwa babu wa Kiarabu ambaye hata jina lake hulijui sawasawa. Fomu za nafasi za masomo zikija unakumbuka ghafla kuwa nyanya wa baba yako ni wa Kakuyuni, na unaniuliza mimi tahajia ya jina lake. Jina lake ni Hawe Sidi. Kaburi lake liko pale pale na hujawahi kufika. Haya yananiuma, na kama yatakuuma na wewe basi nimefanya kazi yangu.

Sikatazi mtu kujiita apendavyo. Mwingereza akitaka kuwa Mwingereza na asiwe wa Ulaya, ni shauri lake na bahari yake, na angeweza pia kuwa vyote viwili bila kudhurika, kama mimi nilivyo Mswahili na Mgiriama na ngozi ni moja. Ninachokichukia ni jina la kuvaa kwenye faida na kuvua kwenye mzigo. Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa, nami niliwahi kudhani maneno hayo yanawahusu waliopelekwa mbali kwa nguvu. Kumbe niliyajaribu kwa hiari yangu, kwenye lango la jikoni, nimevaa aproni ya mtu.

Basi nasaha yangu ni hii, ishike. Usikubali ndugu mezani ukamkana mlangoni. Akija mtu na vumbi la kwenu miguuni, mwulize amekuja kwa neno gani kabla hujaulizwa ni nani wako. Na siku utakapotatizika kujua wewe ni wa wapi, usihangaike na majina wala vyeti. Nenda kwenye msiba, utazame unapewa nini mkononi.

Mungu akurefushie siku zako, akupe watoto watakaokutaja kwa jina lako ungali hai. Akujaalie uwe mgeni wa watu wengi, upokewe vizuri kila uendako. Lakini ukifika kwenu, mwanangu, kwa wako na kwa wangu, nakuombea usije ukapewa kiti.